Saa 12 za lindo, mshahara wa saa 9: tudai vipi ovataimu yetu?

SWALI

Ndugu mshauri, shikamoo.

Sisi ni walinzi wanne wa kampuni moja ya ulinzi hapa Arusha. Lindo letu ni ghala lililoko Njiro. Tunaingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki, na Jumapili tunapumzika. Mshahara ni shilingi 300,000 kwa mwezi, na posho ya usafiri 30,000. Hatujawahi kulipwa hata shilingi moja ya ovataimu wala ya kazi ya usiku, na mimi nina mwaka wa tatu sasa. Siku ya Nane Nane tulikaa lindoni kama kawaida na kulipwa kama kawaida.

Tulipomuuliza supavaiza akasema mkataba tuliosaini unataja saa 12 kwa siku, kwa hiyo hakuna ovataimu. Nakala ya mkataba hatuna, walizibakiza ofisini. Tulipouliza mara ya pili tukaambiwa anayetaka kuleta uanaharakati atapelekwa lindo la Namanga.

Sasa tumegawanyika. Mmoja wetu anasema tusubiri mikataba iishe Desemba, tukiondoka tudai miaka yote mitatu kwa mkupuo. Mwingine anasema twende moja kwa moja mahakamani. Mwingine ana shemeji yake anayejua wakili, lakini hela ya wakili hatuna. Mshahara wa Septemba tumepokea juzi, na safari hii pia ovataimu haimo.

Tuanzie wapi, na je, tunaweza kufukuzwa kwa kudai?

Mlinzi wa usiku, Njiro

JIBU

Marahaba, ndugu yangu.

Nianze na anayesema msubiri Desemba, maana ushauri wake ndio utakaowagharimu kuliko vitisho vya supavaiza. Madai ya mishahara na ovataimu hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoibuka. Muda huo umewekwa na kanuni za mwaka 2007. Kwa hesabu ya tahadhari, kila mwisho wa mwezi unapopokea mshahara usio na ovataimu, mgogoro wa mwezi huo umeibuka na siku zake 60 zimeanza kukatika. Ovataimu ya Julai, iliyopaswa kulipwa tarehe 31 Julai, tayari imeshatoka nje ya muda. Ya Agosti mwisho wake ni tarehe 30 Oktoba. Mkisubiri Desemba mtaingia na miezi miwili mkononi, hiyo mingine mtaiomba kwa huruma.

Kuomba kupo. Ipo fomu ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, inayoambatana na kiapo, na mnaweza kuipeleka kwa ajili ya miezi ya nyuma. Tume itaangalia mmechelewa kwa kiasi gani, kwa sababu gani, dai lina nguvu kiasi gani, na mwajiri ataumia vipi mkiruhusiwa. Kwa miaka mitatu, sababu lazima iwe nzito. "Hatukujua sheria" haifui dafu. "Tulikuwa tunazungumza na ofisi" nayo haisaidii, kwa sababu mazungumzo na mwajiri hayasimamishi siku. Kwa hiyo Agosti na Septemba zishikeni kwanza kwa mikono miwili. Hizo ni haki yenu bila kumwomba mtu.

Na huyo wa mahakamani mwambieni shauri hili linaanzia Tume. Mahakama inakuja baadaye.

Turudi kwenye mkataba wa saa 12. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 19, inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki na siku 6 kwa wiki. Juu ya hapo ni ovataimu. Hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa, lazima iwe kwa makubaliano, na isizidi saa 50 katika kila wiki nne. Ninyi mnafanya saa 72 kwa wiki, yaani 27 za ziada, ambazo kwa wiki nne ni 108. Saini yako kwenye karatasi haiwezi kugeuza saa ya 10, ya 11 na ya 12 zikawa za kawaida. Inachoweza kuonyesha ni kwamba mlikubali kufanya ovataimu, na hilo linawasaidia ninyi, kwa sababu utetezi wa kwanza wa waajiri wengi ni "hatukumtuma".

Kampuni ikipata mshauri mjanja italeta kifungu cha 21. Kifungu hicho kinaruhusu makubaliano ya maandishi ya kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku bila ovataimu ya siku hiyo. Kisomeni hadi mwisho: ni kwa siku zisizozidi 5 kwa wiki na saa za kawaida zisizozidi 45. Wiki ya siku 6 na saa 72 haiingii humo hata ikisukumwa.

Wapo pia watakaosema lindo linavuka usiku wa manane, kwa hiyo saa sita ni za jana na sita ni za leo, ovataimu inatoka wapi? Jibu ni kwamba, kwa sheria hii, siku ni saa 24 zinazohesabiwa kuanzia wakati ambao mfanyakazi huanza kazi kwa kawaida. Siku yako inaanza saa 12 jioni.

Sasa hesabu. Hapa ndipo madai mengi halali yanapochechemea, maana mtu anaandika "nadai ovataimu milioni tano" na akiulizwa zimetoka wapi anabaki kuangalia dari. Anza na mshahara wa msingi peke yake. Posho ya usafiri haimo. Jedwali la kwanza la sheria linasema mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 mara saa za kawaida za wiki. 4.333 mara 45 ni 194.985. Shilingi 300,000 gawanya kwa hiyo, saa moja ni 1,538.58. Msikubali ile hesabu ya vijiweni ya kugawa kwa siku 30 kisha kwa saa 12. Itawapa shilingi 833, na kwa kuitumia mtakuwa mmekubali wenyewe kwamba saa 12 ndizo za kawaida.

Saa ya ovataimu ni mara 1.5, yaani 2,307.87. Kazi ya usiku, kwa kifungu cha 20, ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa yake huongezwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi, ambayo kwako ni 76.93. Saa ya usiku ikiwa pia ni ya ovataimu, asilimia 5 hupigwa juu ya kiwango cha ovataimu, kwa hiyo inafika 2,423.26.

Chukua wiki moja ya Jumatatu hadi Jumamosi. Siku tano za kwanza, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 9 usiku ni saa zako 9 za kawaida. Saba kati ya hizo ni za usiku, kwa hiyo ni saa 35 kwa wiki, mara 76.93, unapata 2,692.55. Kuanzia saa 9 usiku hadi asubuhi ni ovataimu ya usiku, saa 3 mara siku 5, yaani 15. Jumamosi saa zako 45 zimeshaisha, kwa hiyo lindo zima la saa 12 ni ovataimu: 2 za kabla ya saa 2 usiku na 10 za usiku. Ovataimu ya usiku inakuwa saa 25, shilingi 60,581.50. Zile mbili za jioni ni 4,615.74. Jumla ya wiki ni shilingi 67,889.79. Wiki 8 kamili ni 543,118 kwa mtu mmoja. Nane Nane ihesabuni kando, kwa kifungu cha 25: sikukuu ya umma ni mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na saa zilizolipiwa hivyo msizirudie kwenye jedwali la ovataimu.

Wiki ambayo mtu aliumwa au alibadilishana zamu, iandike ilivyokuwa. Jedwali linaloonyesha siku sita kila wiki bila kukosa, huku kitabu cha lindo kikionyesha ulikuwa hospitali ya Mount Meru siku mbili, litakuvunjia hata wiki zile za kweli.

Kuhusu saa ya mapumziko, sheria inataka dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, na muda huo mwajiri halazimiki kuulipia, isipokuwa kama ulitakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi. Mlinzi anayekula ugali wake huku akiangalia geti hajapumzika. Elezeni hivyo: hakuna wa kuwapokea, hamruhusiwi kutoka lindoni. Msipolieleza, kampuni itakata saa 6 kila wiki na 27 zenu zitabaki 21.

Na kile kikomo cha saa 50? Msikate madai yenu wenyewe kwa sababu yake. Orodhesheni saa zote mlizofanya. Hoja ya kikomo ataileta mwajiri, na akiileta atakuwa amekiri kwamba saa zenyewe zilifanyika.

Ushahidi. Hapa walinzi mna bahati ambayo mpishi wa hoteli au fundi wa gereji hana: kazi yenu inaandikwa. Kitabu cha matukio, ile OB ya lindoni, kina saa ya kuingia, jina la aliyekupokea, doria za usiku na saa ya kutoka. Pigeni picha kurasa za Agosti na Septemba, ukurasa mzima, tarehe ya juu ionekane na saini za chini zionekane. Picha ya mstari mmoja uliokatwa haina maana. Kitabu chenyewe msikiondoe lindoni hata kwa usiku mmoja, maana hilo ni kosa la kinidhamu mnaloipa kampuni bure. Rosta inayotumwa kwenye kundi la WhatsApp chapisheni, na simu yenyewe msiifute wala kuiuza mpaka shauri liishe. Slipu za mshahara au taarifa ya benki zinaonyesha kilicholipwa na kisicholipwa. Mwenye ghala kama ana daftari la getini, nalo ni ushahidi wa mtu wa nje, na Tume ina uwezo wa kumwita mtu alete nyaraka.

Kuanzia leo kila mmoja awe na daftari lake: tarehe, lindo, saa ya kuingia, saa ya kutoka, aliyempokea. Na kwenye saa chagueni mtindo mmoja. Ofisi huandika 18:00, ninyi mnaandika saa 12, na mbele ya mwamuzi "saa 12 hadi saa 12" inaweza kusomwa kama mchana. Andikeni "saa 12 jioni (18:00)" kila mahali.

Kukosa nakala ya mkataba kusiwatishe. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, saa za kazi zikiwemo. Akishindwa kuyaleta kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unakuwa wake. Andikeni barua fupi ya kuomba nakala za mikataba na malipo ya Agosti na Septemba, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wapeni siku saba. Wakijibu vizuri, heri. Wakikaa kimya, barua hiyo inakuwa kielelezo. Lakini isiwe sababu ya kuanza danadana za "njoo Jumatatu" mpaka Oktoba iishe.

Baada ya hapo ni Fomu Na. 1 ya Tume, inayopatikana bure kwenye ofisi yao ya Arusha. Kufungua shauri hakuna ada. Ninyi wanne mnaweza kufungua pamoja: mmoja anasaini fomu kwa niaba ya wengine, mradi iambatishwe orodha yenye majina kamili na saini za waliomruhusu. Orodha isiyo na saini ni mwanya wa kwanza utakaotafutwa. Sehemu ya aina ya mgogoro, andikeni ovataimu, malipo ya kazi ya usiku na malipo ya sikukuu, kila kimoja kwa kiasi chake kwa kila mtu, na jedwali liwe kiambatisho. Kisichoandikwa kwenye fomu msitarajie kupewa mwishoni, hata mkikithibitisha. Sehemu B ni ya walioachishwa kazi. Ninyi bado mko kazini, iacheni wazi.

Kwenye tarehe mgogoro ulipoibuka, msiandike tarehe ya kuajiriwa. Mstari huo mmoja umeua madai mengi, kwa sababu mwajiri anahesabu siku kuanzia hapo na kuomba shauri litupwe. Andikeni 31 Agosti na 30 Septemba.

Kabla ya kuisajili fomu, nakala inapelekwa kwa mwajiri na mnatakiwa kuthibitisha kwamba ameipata. Ofisi ikikataa kugonga muhuri, itumeni kwa posta ya rejista na mtunze risiti.

Hatua ya kwanza ni usuluhishi, siku 30. Msuluhishi hatoi hukumu, anawakutanisha. Hapo kampuni nyingi hutoa ofa, na si vibaya kupokea pungufu ya dai kama hela inatoka haraka, hilo mtaamua wenyewe. Angalieni tu maneno ya hati ya makubaliano. "Sina dai lingine lolote dhidi ya mwajiri" inafunga hata miezi mliyokuwa mnaombea muda. Kiasi, tarehe ya kila malipo, na namna mtakavyolipwa viandikwe, maana hati hiyo ikishasainiwa inawabana wote.

Na jambo dogo linalovunja mashauri ya walinzi wa usiku: mlalamikaji asipofika, shauri linaweza kufutwa. Mkitoka lindoni saa 12 asubuhi na usuluhishi ni saa 3, msirudi nyumbani "kujinyoosha kidogo". Nendeni moja kwa moja, hata na sare.

Usuluhishi ukishindikana, mnajaza fomu ya kupeleka shauri kwenye uamuzi, ambako mnatoa ushahidi na kuhojiwa, kisha mwamuzi anatoa tuzo, yaani uamuzi wake. Wakili si lazima. Sheria inaruhusu kuwakilishwa na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, wakili, au mtu mliyemchagua, na shauri linaendeshwa kwa Kiswahili. Kama mna kadi ya chama, anzeni na katibu wake wa mkoa. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017 nao wanasaidia bure kujaza fomu. Nasema hivi nikijua kwamba kwa dai la nusu milioni, wakili anaweza kumaliza nusu yake. Asiyeridhika na tuzo ana wiki sita za kuomba mapitio Mahakama Kuu, na mwajiri asipolipa, tuzo inapelekwa mahakamani itekelezwe kama hukumu.

Yupo pia Afisa Kazi wa mkoa. Anaweza kuingia kampuni, kukagua vitabu na kutoa amri ya utekelezaji, na kwa tatizo linalogusa walinzi wote ni njia nzuri. Ila kumwona yeye hakusimamishi zile siku 60, kwa hiyo fomu iende hata kama yeye anafuatilia.

Kufukuzwa: kumwachisha mtu kazi kwa sababu ametumia haki aliyopewa na sheria si sababu halali. Likitokea, hilo ni shauri jingine, lenye siku 30 tu, na hapo ndipo Sehemu B inajazwa. Ninachokihofia zaidi ni hiyo Namanga, kwa sababu kumhamisha mlinzi lindo ni jambo la kawaida na kampuni inajua mtu atakasirika na kukaa nyumbani. Ukikaa nyumbani zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa, umewapa kosa la kukufukuza na dai lako la ovataimu litasikilizwa likiwa na doa. Ukipewa barua ya uhamisho, iombe iwe ya maandishi na yenye tarehe, nenda uripoti, saini kitabu cha huko, kisha andika barua kulalamikia uhamisho na kudai nauli. Barua ya uhamisho iliyotoka siku mbili baada ya fomu yenu kupokelewa itajieleza yenyewe mbele ya mwamuzi.